Jino la Siberia

Jumatatu, 3 Machi
Meno mawili tena leo. Glavu mbili mbili, barakoa, kofia. Kusaga ni kazi yangu kwa sababu ni mwanamke. Tunatafuta ukoo wa baba, na mimi sina kromosomu ya kiume ya kudondosha humo. Wanaume wanabaki nje ya kioo. Meno ni ya wanaume waliozikwa Siberia zamani sana. La asubuhi limetoa ukoo uitwao kundi N, ule ule wa Wafini na Wayakuti. Wafini lugha yao ni ya Kiurali, Wayakuti ya Kituruki, hawaelewani hata salamu, lakini wengi wao wanarudi kwa baba mmoja. Hilo bado linanifurahisha.

Jumatano, 5 Machi
Prof Barasa, mkuu wa maabara, ametupa rasimu ya makala tuisome. Jina langu halimo. Nimo mwishoni kwenye shukrani, pamoja na fundi wa friji. Mimi niliyesaga kila jino! Nikamfuata ofisini. Akacheka. "Nafula dada yangu, usijali. Next one utakuwemo."
Nitamlipa. Sijui vipi, lakini nitamlipa.

Jumatatu, 10 Machi
Sasa najua vipi.
Jino moja limetoa kundi E. E ni letu, la Afrika. Prof karibu apande meza. Anasema Mwafrika alifika Siberia enzi hizo, na sasa ndiyo habari kubwa ya makala. Mwafrika gani! Mwezi uliopita alikuja mpiga picha. Prof akaingia bila glavu wala barakoa, akalishika jino lile lile, akalisogeza karibu na meno yake na kutabasamu. Nilikuwepo. Sisi wote wa maabara tulitoa mate yapimwe, ili uchafu wetu ukiingia utambulike. Yeye alikataa, eti profesa hatemi kwenye kichupa. Mwafrika wa Siberia ni Barasa wa Bungoma.
Angeniuliza, ningesema turudie. Hakuniuliza. Nimenyamaza, na leo nitalala kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi
Ananitaka nimchoree ramani ya safari ya huyo Mwafrika. Nimechora vizuri ajabu, mishale na rangi. Lindiwe wa meza ya pili ameniuliza, "Sisi," ndivyo kwao wanavyosema dada, "mbona unacheka peke yako?" Nikamwambia ni mambo ya nyumbani.
Siku atakapoiwasilisha, wataalamu watamla mzima mzima. Nataka niwepo. Nataka anione nimekaa safu ya mbele.

Ijumaa, 14 Machi
Makala imekwenda kwa mhariri. Nilikuwa Randburg, kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, simu ikalia. Ujumbe wa Prof: "Dada, nilikukosea. Sijalala vizuri wiki nzima. Nimekuweka jina la kwanza kwenye makala. Hongera." Taa ikawa kijani, nikabaki pale pale. Magari yakanipigia honi.
Namchukia. Hata kutubu kwake kunanichoma. Amenifungia kwenye uongo wake, naye hajui kwamba ni uongo.

Jumapili, 16 Machi
Ibada ya Wakenya wa huku ugenini. Mchungaji kanisimamisha mbele ya watu: binti yetu, mwanasayansi, jina la kwanza. Vigelegele. Mama mmoja akanikumbatia akilia. Prof alipiga makofi kuliko wote, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Miaka nimeyataka makofi haya. Niliketi kabla hayajaisha.
Nikinyamaza, siku moja mtu atarudia kipimo na nitaanguka naye. Nikisema, watauliza kwa nini niliona na sikusema. Shimo nilimchimbia yeye, na nimo ndani.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefika kabla ya wengine. Nimemwandikia mhariri. Prof alilishika jino bila glavu, mimi niliona, nikanyamaza kwa hasira. Makala irudishwe. Nakala kwa Prof.
Amepita mlangoni kwangu saa ya chai. Alisimama kidogo, simu mkononi, akaenda.
Nimeisoma barua tena. Chini yake kuna jina moja tu, langu.