Chupi Kavu Juu ya Dungu

Jumamosi, Juni. Mawingu tangu asubuhi. Mvua hainyeshi wala jua halitoki, na mimi vivyo hivyo.

Naandika nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Uzuri wa blogu hii ni kwamba ukweni kwangu hawajui kama ipo.

Mwanangu Zuhura ana miaka sita na bado anakojoa kitandani. Si kila siku. Hapa Kibiti nafua, naanika, yanaisha. Lakini likizo hii alikwenda Mbwera, huko delta, kwa bibi yake, kwenye shamba la mpunga, na kule wanalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia ndege na nguruwe. Sakafu yake ni fito. Kinachomwagika juu kinashuka chini, na chini ndiko jikoni.

Habari zikanifikia kwamba wifi yangu Mwanaidi, shangazi yake mtoto, kila mkeka ukilowa anamtwisha Zuhura aupeleke mtoni kuufua. Anapita nao kichwani mbele ya madungu ya watu wote, watoto wenzake nyuma wakimwimbia kikojozi. Na wameshasema, ikizidi atarudishwa kabla ya mavuno. Zuhura analipenda dungu lile kuliko nyumba yetu.

Nikaenda sokoni kumtafutia chupi za kulalia. Mama yangu, enzi za foleni za duka la ushirika, alitukunjia kanga kuukuu akamaliza. Siku hizi soko huria, kila kitu kipo, na kingi ni takataka. Zile za nailoni zinalia kama mfuko wa rambo, na ziliwahi kumbabua mtoto mapaja. Pampasi ni za kutupa, na kule delta nizitupe wapi, mtoni tunakochota maji? Muuza mitumba akanisukumia chupi nyepesi, akaniapia kwamba hazipitishi kitu. Nikamwambia amwagie maji tuone. Akanuna.

Mwishowe nilizichimbua mwenyewe chini ya lundo. Pamba nene, katikati zimeshonewa taulo, ndani ya mshono kitambaa cha kuzuia maji, na kiunoni mpira laini ambao mtoto anauvuta mwenyewe. Nyumbani niliimwagia moja kikombe cha maji nikaikalia. Sketi ilibaki kavu.

Alhamisi nikapanda boti, nikampelekea. Tukalala mkeka mmoja, Zuhura kati yangu na shangazi yake.

Jana asubuhi mama mkwe yuko chini anachochea moto, tone likamwangukia begani. Hajafungua mdomo, Mwanaidi keshadakia: "Kikojozi kashafanya yake! We Zuhura, amka ubebe mkeka!"

Zuhura akaanza kuukunja. Hakubisha.

Hilo ndilo lililoniua.

Nikamshika mkono, nikamvua ile chupi, nikaigeuza ndani nje, nikamteremshia bibi yake. Kavu. Mama mkwe akaipapasa, kisha akainua macho kwa binti yake. Kanga ya Mwanaidi ilikuwa imelowa nyuma yote.



Nikafunga mzigo, nikaondoka na mwanangu. Mwanaidi akanifuata mpaka kwenye boti, macho chini. "Wifi, tangu nimzae mwanangu wa mwisho, maji hayazuiliki. Hizo chupi... za wakubwa zipo?"

Huo ni ugonjwa, na nilimwambia ni ugonjwa, aende hospitali. Sikumcheka. Lakini siwezi kudanganya hapa kwamba nilimhurumia. Katika mikeka yote aliyobeba mwanangu, mingapi ilikuwa yake?

Nikamjibu kwamba zipo, ila kwanza amwombe Zuhura radhi, palepale wanapomwimbia. Akasema, "Mtu mzima haombi radhi kwa mtoto, wifi." Nikapanda boti.

Leo nimepita tena kwenye lile lundo. Za saizi yake zipo. Nimezishika, nimekagua mshono, nimezirudisha. Muuzaji kaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia hayamhusu.

Tulipokuwa tunakula, Zuhura kauliza tutarudi lini dunguni. Nimemwambia: siku shangazi yako atakapobeba mkeka wake mwenyewe. Kafikiri kidogo, kisha kasema mkeka ule ukilowa ni mzito sana, kwa hiyo yeye atamshikia upande mmoja.

Nimekasirika upya. Sijui mtoto huyu kamrithi nani. Si mimi.

Kesho soko lipo. Sijaahidi kitu.