Sauti Iliyoita Sahani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, kazini anaitwa Yaya
Umri: miaka 51
Kazi: msaidizi wa maabara
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya maabara

Afande, nimekuja kwa hiari yangu kwa ajili ya mlinzi wetu mliyemweka ndani. Mnasema amedanganya, kwa kuwa anadai alimsikia marehemu saa saba mchana, na daktari anasema alifariki kabla ya saa nne asubuhi. Mlinzi alisikia kweli. Hata mimi nilisikia.

Marehemu ni shemeji yangu. Nimemwoa dada yake. Alikuwa mtaalamu wa kubadilisha vinasaba vya hamira ili igeuze mabua ya mahindi kuwa mafuta ya magari. Roboti hujaribu maelfu ya hamira kwenye sahani zenye vishimo vidogo. Mimi huilisha sahani na kumwaga uchafu wake. Jina la Yaya alinipa yeye, mbele ya mkurugenzi.

Sahani zikiisha, roboti ilikuwa inapiga kengele. Mimi na kengele hatuelewani. Shemeji akaitoa, akaweka sauti yake: "Shemeji, acha kula! Sahani zimeisha!" Isipojazwa, hurudia kila nusu saa. Mlinzi ni mgeni, hajui habari hizo.

Mnamo tarehe 14, saa mbili asubuhi, nilijaza sahani, nikamwacha shemeji chumba cha roboti, nikaenda stoo kupokea mzigo. Saa saba nilipita koridoni na mlinzi. Mlango ulikuwa umefungwa. Sauti ikaita. Nikajibu, "Jaza mwenyewe leo, una mikono miwili!" Mlinzi akacheka: "Nyie mashemeji mtauana." Tukaenda kula. Nilikula vizuri.

Saa tisa nilifungua mlango. Shemeji alikuwa sakafuni. Mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umechomoka. Gesi ile haina harufu. Nilibana pumzi, nikafunga mtungi, nikamburuta hadi koridoni, nikaita watu. Ndani sauti ikaita tena. Nikarudi nikajaza sahani. Sijui kwa nini. Ndiyo maana mlipofika hamkuisikia.

Mke wangu bado hajui habari ya sauti. Naomba nimwambie mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Tulikwenda naye maabara, tukaondoa sahani. Sauti iliita kama alivyoeleza. Mlinzi aachiliwe. Shahidi aliitikia, "Nakuja, shemeji," akazijaza.