Gari la Mama Limenyanyuka

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi tupo, ila nyonga ya Mama bado inamtesa. Kumnunulia gari la kumpeleka kliniki ni wazo la kiutu, la kwanza kwako tangu uzaliwe. Lakini hayo maelezo yako ya vifurushi vya gari, cha chini, cha kati na cha juu, mh! Paa la kioo la nini? Mama achunguliwe na kunguru?

Chukua kifurushi cha chini: magurudumu madogo, ngazi ya kukanyagia mlangoni, basi. Mimi fundi cherehani sikisii, napima. Humu nimeweka utepe wa bluu. Urefu wake ndio mwisho wa mguu wa Mama kuinuka kutoka chini, na ngazi isizidi hapo. Sasa hivi jirani yetu fundi bomba humbeba mgongoni kila Jumanne ampakie kwenye gari lake, na Mama kwa aibu hufumba macho. Nataka apande mwenyewe.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi sijambo, ila umenivunja mbavu. Kifurushi cha chini ni cha wasambaza mayai! Viti vya kitambaa, rimu za chuma, redio ya kubonyezabonyeza. Mama yangu apande hicho, wanaonijua waseme nini?

Sikiliza, maana huko kwenye chumba chako cha kushonea, magari huyaoni. Cha kati kina kamera ya nyuma na viti vya ngozi. Cha juu unaongeza kidogo tu, unapata paa la kioo, rimu kubwa, taa za ndani zinazobadilika rangi, na gari zima limenyanyuka, limekaa kibabe. Hiyo ndiyo thamani. Ngazi nimeikataa, inaharibu sura. Gari si sketi, dada, halipimwi kwa utepe.

Nimeshalipia cha juu.

Mdogo wako

11 Mei

Bwana Rimu,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki.

Gari limefika. Makaratasi yake nimeyakuta yamefungwa vizuri kabisa kwa utepe wangu wa bluu. Nimeufungua, nikausimamisha mlangoni. Umeishia chini kabisa, sakafu ya gari iko huko juu.

Mama alikuwa amevaa gauni jipya, nilimshonea kwa siku hiyo. Alijaribu mguu huu, akajaribu ule, akang'ang'ania mlango huku anatweta. Watoto wa jirani wanashangilia taa zako. Mwishowe akasema, "Basi, mwiteni fundi bomba." Akafumba macho kabla hata fundi hajafika.

Nilikuita mjinga moyoni, nikaona haitoshi, nikakuita kwa sauti. Mama akanikemea.

Salamu zilizobaki ni zake: anashukuru sana mwanawe, gari ni zuri. Zangu hakuna. Utepe nakurudishia humu. Kliniki ni Jumanne. Njoo umbebe.

Mtoto wa Mama