Kopi ya Kitabu cha Mwalimu Sirili

Jumapili, 7 Aprili 2002
Binti yangu Theo kashuka kutoka shule, likizo. Kidato cha sita, kemia — ukoo wetu mzima hakuna mwingine! Mitihani mwezi ujao. Anataka kitabu cha Mwalimu Sirili, huyu jirani yetu mstaafu, alichokitunga mwenyewe. Shuleni kimebaki kimoja, madukani mjini hakuna. Mwalimu naye hana. Anasema anangoja apate uwezo wa kuchapa tena. Mitihani itamngoja?

Jumanne, 9 Aprili
Theo kaazima kile cha shule. Tukaenda Njoro kwa Aristides, mtoto wa kaka yangu, mwenye mashine ya fotokopi. Kagoma! Kasikia redioni kuna sheria ya hakimiliki, kitabu kizima hairuhusiwi, mashine itachukuliwa. “Shangazi, nikutolee kurasa chache tu.” Kurasa chache ndiyo kemia? Huyu nimembeba mgongoni! Nikamwambia jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Kacheka: huo mdomo, shangazi? Lakini kafunga mlango, kawasha mashine. Kopi safi, na jalada la plastiki. Wenzake Theo nao wakaja na kutoa zao.

Jumapili, 14 Aprili
Misa ya watahiniwa. Paroko hubariki kalamu na vitabu vyao, na mama ndiye hupeleka mpaka altareni. Nilivaa kitenge kipya. Kitabu cha Theo nikakiweka juu kabisa ya vingine, kionekane.

Mwalimu Sirili alikaa mbele. Baada ya misa nikamwonyesha — Mwalimu, darasa zima sasa wanakusoma, wote wametoa kopi! Nilijua atafurahi. Akatazama picha yake jaladani.
“Mama Theo, mbona nimekuwa mkaa?”
Wanawake wakavunjika mbavu. Yeye hapana. Nikamsikia akimwambia mke wake, sasa tukichapa atanunua nani.
Theo akatangulia peke yake mpaka nyumbani Shirimatunda. Mtori wake wa ndizi kauacha.

Jumatatu, 15 Aprili
Mwalimu kaja, hata ng'ombe sijamaliza kukamua. Shikamoo, marahaba, kaketi. Kaiomba ile kopi. Nikasema moyoni basi, Theo hana kitabu.

Katoa kalamu nyekundu. Ukurasa kwa ukurasa anaandika upya namba zilizofutika. “Binti, hapa mashine imekula. Ungejibu hivi ungefeli.” Theo kainama naye, wanakokotoa. Nikasimama kuwatazama — wamependeza! Nikampa chai, hata hajaigusa.

Amefika mwisho. Kafunga kitabu, kaweka kiganja juu ya ile picha yake nyeusi.
“Na mashine hiyo ni ya nani, Mama Theo?”
Kwa upole tu. Theo kanikazia macho.
Nikasema nafuata sukari jikoni. Ndiko niliko, naandika huku nimesimama.
Sukari iko mezani, mbele ya Mwalimu.