Nyoka Chini ya Tabaga

Mwanangu Salma,

Hupokei simu zangu, na sikulaumu. Ningekuwa wewe, na mimi ningeiacha ilie mpaka ichoke. Nimeamua kukuandikia, maana barua haina sauti ya kukuudhi, na ukichoshwa nayo unaweza kuikunja ukaendelea na shughuli zako huko Mbale. Naomba tu usome hadi pale ninapozungumzia Isma. Mengine yote ni mama yako anatafuta pa kuanzia.

Unakumbuka siku Hariri alipoingia kwetu? Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele na kila neno lilitoka kwa filimbi. Nilisogeza gunia la makaa jikoni, naye alikuwa pale nyuma, amejikunja, wa kahawia kama jani kavu. Jirani yetu Mama Rehema alivuka ua na mchi wake tayari, nikamzuia. Nilimwambia vile tulivyolelewa sisi Wanubi: nyoka wa ndani ya nyumba hapigwi hivi hivi, huenda si nyoka. Unamwomba kwa jina la Mungu aondoke, unamwomba siku tatu, na akikataa ndipo umpige bila lawama. Basi nikasimama mlangoni, wewe umejificha nyuma ya gauni langu, nikamhutubia nyoka kama mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji.

Siku ya pili yupo. Siku ya tatu yupo, tena tumbo limemvimba kwa panya aliyemla usiku. Nikachukua mchi. Ndipo uliponivuta gauni ukaniuliza, "Mama, na kama hana pa kwenda?"

Mimi ni mke wa askari, Salma. Nilihamishwa kambi hadi kambi na magodoro yangu kichwani kabla hatujapata chumba hapa Walukuba, Jinja, na swali lile lilinikuta pabaya. Niliweka mchi chini. Nikachukua beseni, nikatandika gazeti, nikamfunika. Siku ile niliiita huruma, na labda ilikuwa huruma kweli. Lakini hakuna aliyenilazimisha kuendelea miaka yote hii.

Tulipomtoa juani mara ya kwanza baada ya kujivua ngozi, ulipiga kelele nikadhani amekuuma. Ule ukahawia wote ulikuwa umebadilika. Kila alipojisogeza, rangi zilikimbia mgongoni mwake, zambarau, kijani, shaba, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji ya kufulia. Wewe ndiye uliyempa jina. Ulimpitisha shavuni, ukasema ni hariri. Baba yako, Mungu amrehemu, alirudi kutoka zamu kambini Kimaka akamkuta mezani, akamtazama kwa muda, akasema yeye analinda geti asiingie mtu bila kibali, kumbe kwake wanaingia hata wasio na miguu. Kisha akavua buti akaomba chai.

Habari zilienea. Wakata miwa walijua kuna mwanamke Walukuba anayepokea nyoka, wakawa wananiletea wale wembamba wa kijani wenye madoa ya buluu, ambao zamani waliwakata kwa panga. Wenye sumu niliwakataa, na hilo naomba unishuhudie hata ukiwa na hasira. Wewe ulikuwa unawanyunyizia maji kwa mdomo asubuhi kabla ya shule. Ngozi alizovua Hariri ulizifunga mkononi kama bangili. Na ni wewe uliyeniambia, "Mama, suka rangi zake," nikachovya nyasi katika zambarau na kijani na rangi ya shaba, nikasuka tabaga ambazo wanawake wa mjini walikuja kugombania kufunikia vyakula vya harusi zao. Tulikula vizuri kwa sababu ya rangi za nyoka yule. Ulisoma kwa sababu yake.

Kisha ukaenda sekondari Mbale, wasichana wakajua, wakakuita mtoto wa nyoka. Hukuniambia wewe, niliambiwa na mama wa mwenzako kwenye basi. Uliporudi likizo hukumgusa tena Hariri. Ulipita mbali na beseni, umeshika sketi yako. Nami, badala ya kukuuliza, nilitania. Nilikuambia Hariri anakusalimia, mbona huitikii. Ulicheka kwa adabu. Nakiona kicheko kile sasa, na natamani ningefunga mdomo.

Isma alipotuma habari kwamba wazee wake wanakuja kuposa, hukuomba kitu kikubwa. Hukuomba mahema wala ng'ombe. Ulikaa kitandani kwangu, ukashika mikono yangu yote miwili, ukasema watu wa Isma huko Mbale ni wafanyabiashara, wana duka la jumla karibu na msikiti, wanaogopa maneno ya watu, na mji mzima unaamini kwamba anayefuga nyoka anafuga mali ya kichawi. Uliniomba waondoke wote kabla ya wageni. Nilikubali papo hapo.

Wale wa kijani niliwapeleka kwenye matete ya mtoni nikawafungulia. Hariri sikumpeleka. Nilijiambia amezeeka, hawezi kuwinda, nitampeleka wiki ijayo. Uliponiuliza nikakuambia, "Wamekwenda wote." Ukanikumbatia. Salma, hukuwa umenikumbatia vile tangu baba yako azikwe, nami nilipokea kumbatio lile nikiwa mwongo, na nililifurahia.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya kutoka jikoni hadi sebuleni.

Asubuhi ya posa chumba changu, nilimokuwa nimemficha, kilijaa mikoba na watoto wa wageni, nikaona nimhamishie Hariri jikoni. Nilimweka kwenye beseni la bati, nikamfunika kwa tabaga, na ili asitoke nikafunga juu kwa leso. Sasa nani katika ukoo wetu hajui kwamba chakula cha wageni ndivyo kinavyofungwa? Nililiweka pembeni kabisa, lakini jikoni kwa Wanubi siku ya posa hakuna pembeni. Mama Rehema alikuja kubeba sinia, akaliinua beseni, akaliona jepesi, akadhani ni mikate ya gurusa. Alilipitisha mbele yangu nikiwa nimeinama kuonja mchuzi.

Nililiona likiwa tayari limewekwa mbele ya Hajati, mama yake Isma, kwa heshima zote. Na kwetu mgeni mkubwa ndiye hufunua. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kuanguka nikajifanya nimezimia, kila mtu angenikimbilia mimi. Nilisimama na mwiko mkononi. Hajati akafungua fundo la leso taratibu, akisifia mikono iliyosuka, akainua tabaga.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa limefika hadi kwenye mkeka. Hariri alikuwa amejivua ngozi siku chache tu kabla. Jua lilipompiga aliwaka rangi zote, na sebule nzima ilinyamaza. Katika kunyamaza kule, mimi mama yako sikuwaza kuhusu wewe. Nilisubiri mtu aseme jinsi alivyo mzuri.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Mchuzi ulimwagikia kanzu ya baba yake Isma. Watoto walipanda dirishani. Hajati alirudi nyuma akakugonga, ukaanguka na gauni lako jipya juu ya sinia ya pilau, ukanyoosha mkono kwangu. Nami nilikupita. Niliruka miguu yako, nikapiga magoti, nikamwokota Hariri kabla mtu hajamkanyaga, nikampapasa mgongo kuona kama ameumia. Nilipoinua macho ulikuwa umejiinua mwenyewe, wali kwenye nywele, unanitazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo baya.

"Mama," ukasema, "umemshika yeye."

Hajati alisimama mlangoni akitafuta viatu vyake. Hakutukana. Alisema polepole, "Mama Salma, mutoto yako ni muzuri. Lakini hii nyumba, sisi hapana." Kisha wakapanda magari yao. Nawe jioni ukapanda taksi ya Mbale ukaenda kwa mjomba wako, na mfuko mmoja tu.

Tangu hapo nimekuwa hadithi ya mtaa. Vijana wa boda wa pale kona wananiuliza nyoka hutapika noti za aina gani, na kama ni kweli mbona naendelea kupanda boda zao na kuomba kupunguziwa. Ningecheka kama isingekuwa mimi. Mteja mmoja alirudisha tabaga zake mbili, akaziacha mlangoni bila kubisha. Nayavumilia hayo yote, ni haki yangu. Aibu ya watu huisha, watu hupata jambo jipya. Ninayoshindwa nayo ni ile ninayoamka nayo, ya mkono wako ulionyooshwa.

Wiki hiyo hiyo nilimbeba Hariri hadi kwenye ghala bovu la kiwanda cha zamani, lile linalojaa panya. Nikafungua beseni. Alitoka, akaingia kwenye ufa wa ukuta, mkia ukaishilia ndani, basi. Hakusita. Nililia pale, Salma, nililia kwa sauti hadi wanawake waliokuwa wakichota maji wakanijia kuniuliza nimefiwa na nani. Siku ulipopanda taksi nilisimama na macho makavu nikikuambia uangalie wezi. Nimejiuliza mara nyingi mimi ni mwanamke wa namna gani. Nadhani nyoka yule hakuwahi kuniuliza kitu, na wewe kila siku ulikuwa unaniuliza, kwa macho tu, kama nakuona. Ni rahisi kumpenda asiyeuliza.

Sasa nafika kwa Isma. Alinipigia simu juzi. Aliniita Mama, akaniamkia vizuri, hakugusia yaliyopita hata kwa mzaha. Akanieleza kwamba bado anakutaka, na kwamba wazee wamelainika, ila wana sharti lao. Uozeshwe Mbale, nyumbani kwa mjomba wako, ndoa isomwe huko, na mimi nisiwepo. Si siku ya ndoa, wala siku ya kukusindikiza. Nilimwambia nyoka hayupo tena. Akasema anajua, amewaeleza, lakini kwao si nyoka tena, ni mimi. Ilimuuma kusema hivyo, nilimsikia.

Kisha akaniambia kwamba wewe umekataa. Kwamba umewajibu wazee, mbele ya Hajati, kuwa huolewi bila mama yako, na sasa siku zinapita, Isma amekwama katikati, na kuna binti mwingine wa rafiki wa familia ambaye jina lake limeanza kutajwa mezani.

Nimekaa na habari hiyo hadi leo. Mimi niliyekuruka ukiwa chini, wewe umesimama mbele ya watu wazima ukakataa kuniruka. Sijui pa kuuweka uso wangu. Ningekuwa mtu mwenye kiburi ningesema nimekulea vizuri, lakini hilo hukulipata kwangu. Labda ulilipata kwa baba yako, au ulizaliwa nalo.

Nakuomba ukubali, mwanangu. Huyu kijana anakupenda, nimelisikia kwenye sauti yake, na sitaki uzeekee katika chumba cha mjomba kwa ajili ya heshima ambayo mimi mwenyewe niliimwaga sebuleni. Waambie ndiyo. Mjomba wako atasimama mahali pangu, nimeshaongea naye. Tabaga za kufunikia chakula zitapelekwa na mtu mwingine, nimezisuka nyeupe tupu, hakuna atakayejua zimetoka wapi. Siku hiyo sitatoka Jinja. Sitasimama ng'ambo ya barabara kukuchungulia, naapa, na safari hii kiapo changu ni cha kweli.

Na watu wakikuuliza huko mama yako yuko wapi, usihangaike kunitetea. Sema ni mgonjwa. Wakiendelea kukuuliza, sema alikufa zamani, nawe ukalelewa na mjomba. Nikiulizwa mimi, nitasema sikubahatika kupata mtoto. Hakuna atakayesikia tofauti kutoka kinywani mwangu maadamu niko hai.

Mungu akufunike, akupe nyumba yenye watu wanaokushika wewe kwanza.

Mimi,
Mama yako