Say, Tell na Kimya cha Zena

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Leo nimemfundisha mdogo wangu Zena say na tell. Anazichanganya kwa sababu zote anazitafsiri "kusema". Tell inataka mwambiwa afuate papo hapo: She told her father. Say haimhitaji; ukimtaja, tanguliza to: She said to her father. Wakati uliopita ni said na told — yeye kaandika telled. Bibi Kijakazi, mama yake baba, akatucheka: maneno yote hayo, Wazungu wanapika saa ngapi?

Mtihani anarudia Novemba. Akifaulu Kiingereza, anakwenda chuo cha ualimu.

Jumatano, 7 Septemba

Siamini. Tulikuwa uani tunapepeta mchele, baba akaingia na Ba'mkubwa Abbasi. Baba akauliza: Zena, Twalibu wa mitumba pale stendi amekuposa, unasemaje? Zena akainama, ungo mkononi. Kimya. Bibi akapiga kigelegele: mwali karidhia! Majirani wakaitikia. Ndoa Ijumaa ya wiki ijayo.

Ungo bado anao mkononi.

Alhamisi, 8 Septemba

Zena hali. Nimemuuliza kwa nini hakukataa. "Nilikataa, dada. Ningemjibuje baba mbele ya ba'mkubwa? Nikanyamaza."

Nimemweleza baba. Akajibu kwa upole kabisa: Maimuna, mbona hata mama yako alinyamaza nilipomposa? Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

Ijumaa, 16 Septemba

Naandika chumbani, kando ya Zena. Baada ya sala sheikh alikuja mlangoni na mashahidi wawili kumuuliza Zena. Bibi akamnong'oneza: we tulia tu, mke mwenzangu. Sheikh akauliza. Kimya. Mashahidi wakageuka kwenda barazani.

Ndipo mama akasema kutoka uani, kwa sauti ya kusikika na wanaume wote: "Sheikh, mwanangu hajajibu."

Mama! Sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wageni. Ba'mkubwa akafoka kwamba kimya ndilo jibu. Baba kaduwaa. Sheikh akavua viatu, akaketi kizingitini. Atangoja, kasema. Atauliza tena, na safari hii anataka kusikia neno, liwe lolote.

Vigelegele vimekatika. Bibi kajifunika kanga usoni.

Zena ameomba maji. Ni sauti yake ya kwanza tangu asubuhi, imekwaruza. Nimempa kikombe. Amekunywa nusu, amekohoa kidogo kusafisha koo, na sasa ananisogeza nipishe, aukaribie mlango.