Nafasi Uliyoiacha Ukurasa wa Tatu

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasita kidogo, maana hujawahi kukawia kuniitikia.

Jumapili iliyopita tulipiga ule muziki wako wa mwisho, wa shamba na ng'ombe, pale pale ukumbi wa kanisa hapa Kilosa. Tulikuwa wanafunzi wako wanne, fidla tatu na mimi na selo langu, lile fidla kubwa la kubana magotini. Kabla yake ulitutungia wa reli, babu yangu akalia waziwazi. Ukaja wa wakata miwa, tuliopiga Ruhembe, watu wakabaki kubishana hadi viti vikakusanywa. Ulikuwa unatuambia, "Sisi hatuhukumu. Tunawakalisha pamoja tu."

Ukurasa wa tatu ulitusumbua. Mistari minne mizima, hakuna noti hata moja, ya fidla wala ya selo. Nikawaambia wenzangu homa ilikuchukua kabla hujamaliza. Na mimi, mtoto wa mkulima wa Magole, nikiona mahali patupu nafanya nini? Nikapanda. Wiki nzima niliandika noti zangu, kali, huku nikiyawaza mahindi ya mama yaliyoliwa na ng'ombe yakabaki mabua.

Siku ya siku wakulima walikaa mbele, wafugaji karibu na mlango. Tulipofika ukurasa wa tatu, mzee mmoja kule nyuma akasimama na fimbo yake, akafungua kinywa. Nami nikaingia na noti zangu. Alisimama hivyo kidogo, kisha akaketi.

Tulipomaliza nilimfuata nje kumwamkia. Akaitikia vizuri, akasema anaitwa Mzee Saning'o.

"Mwalimu wako alikuja kwangu mara tatu," akasema. "Aliniambia hapo mtanyamaza, niimbe mimi."

Nikamwambia hatukujua, tuliona patupu.

"Hata malisho ya ndama tunayaacha yapumzike. Ninyi mkipita mnasema hayana mtu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kumjibu.

Sasa sielewi, Mwalimu. Nikuombe radhi au nikugombeze? Kwake ulikwenda mara tatu. Mimi ulikuwa unaniona kila siku, tunakunywa chai birika moja, mbona hukuniambia? Uliogopa nitakataa kwa sababu ya mahindi ya mama? Au ulisahau tu kwa homa? Asubuhi naamini hili, jioni naamini lile. Na ukweli ni kwamba ningekataa. Hata leo nikikutana na kundi la ng'ombe barabarani navuka upande wa pili.

Halafu mama. Aliniambia kipande kile cha ukurasa wa tatu kilikuwa kizuri kuliko vyako vyote. Hakujua ni changu. Nilifurahi, Mwalimu. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na yule mzee muda huo huo, na bado nilifurahi. Hapo ndipo ninapojichanganya mwenyewe, sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Noti zangu nimezifuta kwa ile raba yako iliyobaki kipande. Penseli niliikandamiza mno, kwa hiyo alama zimebaki, ukiinamisha karatasi zinasomeka.

Mwezi ujao tunapiga Mikumi. Nimekwenda kwa Mzee Saning'o kumwomba aje. Amenikaribisha maziwa, nikanywa, lakini hakusema ndiyo wala hapana. Sikumsukuma.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Aje asije, tukifika pale tutanyamaza mistari yote minne. Nitahesabu kwa mguu kama ulivyonifundisha, upinde nimeuweka gotini. Mama atakuwa kiti cha mbele, atanikodolea macho akidhani nimesahau. Nitamwacha adhani hivyo mpaka mistari iishe.

Pumzika, Mwalimu wangu. Hapo sitapanda kitu tena.

Mwanafunzi wako wa selo